Tunda la Dawa Chungu

Siku tulipomzika Mayu Minza, yaani Mama Minza, wifi yake mmoja, bibi mwenye ulimi, aliniuliza mbele za watu, "Maduhu, na yule Mzaramo wenu, Tatu, hajaja? Mtani gani huyu anakosa msiba?" Watu wakacheka. Kwetu mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha msibani, kumsema marehemu kwa uchoyo wake, hata kujilaza penye kaburi akatae kutoka mpaka apewe chochote. Nami nikacheka nao, nikajibu kwamba Wazaramo kwa uvivu hawajambo, labda bado anajinyoosha kitandani. Kisha nikainuka kama mtu anayekwenda kutazama kuni, nikaenda kusimama nyuma ya zizi, penye ua wa minyaa, nikabaki huko mpaka macho yakauke. Mungu anisamehe, sikuwa namlilia Mayu Minza peke yake. Jina la Tatu lilikuwa halijatamkwa mbele yangu kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimejizoeza kutolitamka.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule ambao chama cha ushirika kilipunguza watu na wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kuingia na mizani yao. Mimi nilikuwa mtu wa mizani. Asubuhi moja tuliambiwa tusirudi kesho, na aliyetuambia naye hakurudi. Soko huria, walisema. Lilikuwa huria kweli: Bariadi ilijaa mitumba, sabuni za rangi, redio na betri, vitu ambavyo miaka michache nyuma tulivipangia foleni tukagombana. Ila sasa vilikuwepo vitu na mimi sikuwa na kitu, nikawa nashinda sokoni napapasa mashati ya watu kama mnunuzi. Ndipo jamaa wa ofisi ya misitu akaniambia kuna mtaalamu wa mimea anakuja kutazama kinachoota kwenye ngitili, yale malisho tunayoyafunga masika ili ng'ombe wapate cha kula kiangazi. Alitakiwa mtu mwenye miguu na Kisukuma. Miguu ninayo, nikasema, na Kisukuma nilizaliwa nacho.

Nilitegemea mzee wa ndevu. Nikamkuta dada mfupi, mweusi wa kung'aa, kavaa raba za turubai na mkasi wa kukatia matawi kiunoni, kioo cha kukuzia vitu kimening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alinitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye Msukuma niliyepewa?" alisema. "Afadhali ni mrefu. Sitahitaji ngazi." Nikamuuliza yeye ni wa wapi. Mzaramo, akasema, wa Kisarawe. Basi yakawa yamekwisha hapohapo: tulikuwa watani.

Asiyekulia ndani ya utani nitamweleza jambo moja, maana bila hilo hataelewa mengine. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanabeba mizigo kwa miguu kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana ukacheka, anaweza kula chakula chako mbele yako, anaweza kukuita mume au mke barabarani na mwenye wivu akaona haya. Lakini ruhusa hiyo ina bei yake. Mtani hakasirikiwi, na kwa sababu hiyohiyo haaminiwi. Tatu aliniita "mume wangu mlima pamba" toka wiki ya kwanza, mimi nikamwita "mke wangu mla nazi," na kila aliyetusikia alicheka, nasi tukacheka. Tulianza kucheka mapema mno, tukakosa mlango wa kutokea.

Alipanga chumba kwa Mayu Minza, mjane aliyekuwa na nyumba ya bati nje kidogo ya mji. Chumba chake kilitazama zizi, kwa hiyo alikuwa anaamshwa na ng'ombe na kulalamika kwamba hata ng'ombe wetu wanaongea kwa nguvu. Sebule ndiyo ilikuwa ofisi. Humo kulikuwa na fremu mbili za mbao na mikanda ya ngozi, na katikati ya fremu magazeti, na katikati ya magazeti mimea, ikibanwa ikauke. Kila siku magazeti yenye unyevu yalitolewa yakawekwa makavu. Magazeti binafsi yalikuwa yanaibuka kama uyoga mwaka ule, yakitufikia Bariadi yakiwa yamechelewa, nasi tulikuwa tunayasoma kwa sauti kabla ya kuyalaza na majani: waziri kafanya hivi, mke wa mtu kakimbia na dereva wa lori. Tatu alikuwa anaigiza sauti zote. Kisha analaza tawi juu ya sura ya waziri, ananyoosha jani kwa kidole kimoja polepole, na chumba kizima kinatulia. Sijawahi kuona mtu akikitazama kitu kama alivyokuwa anatazama jani, na nilikuwa nalionea wivu jani.

Asubuhi tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, na chai. Jioni ugali, mlenda, na kama mtu ametoka Lamadi, samaki. Tatu alikuwa anasema chakula kisicho na nazi ni adhabu ya gerezani, halafu anaongeza tonge. Mayu Minza, ambaye Kiswahili alikisikia zaidi ya kukisema, alikuwa anamtazama akila na kuniambia kwa Kisukuma, "Muulize kama ana mtu." Mimi natafsiri: "Anauliza kama umeshiba." Tatu anajibu, "Mwambie bado." Nami namwambia Mayu, "Amesema bado." Mayu anafurahi, ananitupia jicho, anamwongezea mlenda. Siku moja nilimsikia jikoni akiongea na jirani yake huku wanachambua mboga. Jirani alisema, "Huyu kijana amekwisha." Mayu akajibu, "Amekwisha, lakini mdomo wake haujapata habari."

Sasa huo mmea. Kwenye ua wa minyaa wa Mayu Minza, nyuma ya zizi, ulikuwa umepanda mmea ambao kwetu kila mtu aliuita dawa chungu, na uchungu wake ukiuonja leo utaukumbuka kesho kutwa. Gome lake jembamba kama karatasi, linabanduka, na chini yake kijani kibichi. Juu ya gome vipele vipele kama mgongo wa chura. Jani lake umbo la moyo, na kikonyo kirefu. Hauna vikono vya kushikia kama maboga. Unajizungusha tu kwenye mti mwenzake, mwaka hata mwaka, mpaka shina linakuwa nene, gumu, mti kamili usioweza kusimama peke yake. Na ukiukata chini haufi. Kile kipande cha juu kinabaki kimening'inia bila mzizi wiki nyingi, halafu kinashusha uzi mwembamba, unateremka hewani kidogo kidogo mpaka uguse udongo. Tatu aliukata mmoja makusudi ili aone. Kila asubuhi kabla ya kunawa uso alikwenda kuupima ule uzi kwa rula, akiniita kwa sauti: "Msukuma, njoo uone, jamaa anatafuta nyumbani!" Nilikuwa nakwenda kwa kukimbia, kinywa changu kimejaa michembe.

Mwaka ule dawa chungu ilikuwa na kazi. Hospitali walikuwa wameanza kutaka wagonjwa wachangie, na dawa ya homa iliyokuwa bure haikuwa bure tena. Kila kaya ikataka mmea wake. Mtu anafika kwa Mayu Minza asubuhi, wanasalimiana Kisukuma, naye Mayu humwita kila mtu ng'wanawane, mwanangu: "Mwangaluka, mayu." "Mwangaluka, ng'wanawane. Mhola?" "Mhola kidogo, mtoto ana homa." Anakatiwa kijiti, anakwenda kukichomeka uani kwake, na kinashika. Haukuwahi kukataa udongo. Nilipomuuliza Mayu, kwa niaba ya Tatu, matunda yake yakoje, alinishangaa. "Hauzai," alisema. "Dawa haizai. Si mwembe huu."

Kiangazi kilipofikia mwisho majani yake yote yakapukutika, na kwenye vijiti vitupu yakatoka maua, madogo kama punje za uwele, ya kijani iliyochanganyika na njano, yamepangana kwenye nyuzi. Tatu alilivuta moja karibu na kioo chake, akahesabu vitu ambavyo mimi sikuviona. "Dume," alisema. Akanieleza kwamba kuna mimea ambayo ua moja lina baba na mama, na kuna mingine, kama huu, ambayo mti mmoja ni baba tu na mwingine ni mama tu. Wa Mayu Minza ulikuwa baba. Tukaenda kwa jirani: dume. Tukapanda baiskeli mpaka vijiji vya ng'ambo ya mto: dume. Tulifika Mkula, uani kwa katekista, ambaye alishika kofia kifuani kama tunampima yeye: dume. Tulifika mpaka Lamadi, nyuma ya vichanja vya dagaa, na kule nako, dume. Mwenye kichanja alisema kijiti kililetwa na mkewe, na mkewe alikipata Bariadi kwa Mayu Minza. Tatu alikaa chini juu ya ndoo iliyofunikwa, akaanza kucheka peke yake.

"Msukuma," alisema, "hii siyo mimea mingi. Ni mmoja. Mmekata kidole cha mtu mmoja mkakipanda wilaya nzima."

Nilipomtafsiria Mayu Minza jioni, alishika kiuno kwa kicheko. "Yaani wote tunakunywa dume mmoja!" Habari ikaenda mpaka kilabuni, na kwa wiki kadhaa wanaume wa Bariadi walikuwa wanaulizana kama wamempa heshima yake yule mkwe wao aliyeko zizini kwa Mayu.

Lakini kwa Tatu halikuwa jambo la kucheka. Mimea ya ukoo ule hufanana, aliniambia, na kinachowatenganisha ndugu na ndugu ni kokwa ya tunda. Bila tunda asingeweza kusema huu ni upi. Ujumbe ukaja kutoka kwa wakubwa wake, nao ulikuwa mfupi: akipata tunda, arudi mara moja, nafasi ya masomo Ulaya inamsubiri, asipolipata, akae Bariadi mpaka msimu wa maua wa mwaka unaofuata, atafute ua jike. Alinisomea akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Sasa fikiri mwenyewe mtego niliokuwamo. Kazi yangu ilikuwa kumwongoza mpaka penye kitu kile kile kitakachomchukua. Nilimpenda. Leo nalisema kirahisi, mvi zimenipa kibali, ila wakati ule hata usiku peke yangu sikulisema, nikiogopa nitalicheka. Kila asubuhi nilitoka naye nikiomba tulione kwa ajili yake, na nikiomba tusilione kwa ajili yangu, na nadhani Mungu alichoka na mimi.

Mayu Minza ndiye aliyetuonyesha njia. Mama mkwe wake, alisema, alikuja kuolewa akitokea pande za Kimali, huko Meatu, na ile dawa chungu ilikuja mkononi mwake kama fimbo ya kuswagia mbuzi aliopewa kwao aje nao. Alipofika aliichomeka zizini akaisahau. Basi kama kuna mama wa mmea huu, yuko Kimali. Tatu alimkumbatia mpaka ushungi ukamdondoka. Mvua za vuli zilipokwisha kunyesha, ofisi ikatupa gari na dereva, tukaenda.

Kimali ni nchi ya ng'ombe, uwazi mkubwa wenye vilima vya mawe hapa na pale, na baada ya mvua ile unanuka nyasi na maziwa. Tulifikia kwa Mama Kulwa, mwanamke mnene mchangamfu aliyejifunza Kiswahili mnadani na kukisema kama anapigia watu bei. Tulizunguka vilima, mimi upande huu, Tatu upande ule. Dawa chungu zilikuwepo, za porini, hazikupandwa na mtu, lakini maua yalikwisha kuanguka na tunda hatukuliona. Siku moja jua lilipopungua Tatu alikwenda kisimani na Mama Kulwa kuoga. Alirudi kimya, nywele zina maji, akakaa karibu nami kwenye kigoda, akaanza kunimenyea karanga. Zangu na zake. Nikamwambia, "Leo mke wangu amekumbuka wajibu." Akaendelea kumenya, ananiwekea kwenye kiganja. Alisema tu kwamba pengine tunda halipo, na pengine si vibaya kukaa Bariadi mwaka mwingine, ameanza kuuzoea mlenda. Moyo wangu uliruka kama ndama. Ila aliyesema hayo alikuwa mtani, na mtani anasema chochote.

Asubuhi tuliyopanga kuondoka nilikwenda kisimani kuchota maji ya rejeta, dereva yuko nyuma yangu hatua chache. Nyuma ya mawe, juu ya mgunga, niliyaona. Mekundu, yamening'inia vishada, yanang'aa kana kwamba kila moja limepanguswa kwa kitambaa. Nilisimama. Dereva alikuwa anatazama chini, anakwepa matope, hakuona kitu. Ningeweza kugeuka, nikasema kisima kimechafuka twende kingine. Nilikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi na kuitoa. Nikamwaza Tatu akiwa na kioo chake, akiwaza msimu mwingine wa kuzunguka nyua za watu, na nafasi yake Ulaya ikipewa mwingine. Nikataka kitu hiki kikubwa alichokuwa anakitafuta kitoke mkononi mwangu. Nikapaza sauti mpaka Mama Kulwa akatoka nje: "Tatu! Jike!"

Alikuja akitembea. Yeye ambaye hukimbilia hata majani ya barabarani, alikuja akitembea. Akachuma tunda, akaliminya, akatoa kokwa, akaifuta kwenye kanga, akaniwekea mkononi. Ilikuwa imejikunja kama mtoto aliyelala akikumbatia magoti. "Hongera, Msukuma," alisema. Dereva alipiga makofi. Mimi nilikuwa nacheka sana, nadhani nilicheka zaidi ya wote, na nilipouona uso wake nikadhani ni uchovu.

Gari la kumchukua Bariadi lilikuja mapema kuliko tulivyotarajia. Sebule ilikuwa tupu, fremu zimefungwa, magazeti yaliyobaki amepewa Mayu ya kuwashia moto. Mayu Minza alimpa michembe kwenye mfuko wa kaki na kuku aliyefungwa miguu, Tatu akamrudishia kuku, wakasukumana naye mlangoni mpaka kuku akafunguka akakimbia. Kisha Tatu akaja mpaka niliposimama, karibu na gari.

"Maduhu," alisema. Hakuwahi kuniita kwa jina. "Yale matunda mimi niliyaona kabla yako. Siku ile nilipokwenda kuoga. Niliyaona, nikanyamaza."

Nilicheka. Ndicho kitu nilichokijua kufanya. "Muongo mkubwa wewe," nilimwambia. "Mzaramo aone kitu cha bure, anyamaze?"

Alinitazama, si kwa muda mrefu. Halafu naye akacheka, akanipiga begani kwa ngumi. "Haya, umenishika," alisema, akapanda gari. Mayu Minza aliniuliza kwa Kisukuma amesema nini. Nikamwambia, utani tu, Mayu. Akanitazama kwa namna ambayo ilinifanya niende kumtafuta yule kuku.

Msimu wa pamba uliofuata nilipata kazi kwa mnunuzi binafsi, nikarudi kwenye mizani, na safari moja ikanipitisha Kimali. Mama Kulwa alinipokea kwa maziwa ya mgando, akaendelea kupepeta mtama wake huku ananiuliza habari za Bariadi. Akamuulizia Tatu. Nikamwambia yuko Ulaya, masomoni.

"Yule binti alikuwa na akili za ajabu," alisema. "Siku ile nilipompeleka kuoga aliyaona yale matunda yenu, akayashika kabisa. Nikamwambia, basi ngoja nikamwite mwenzio. Akanishika mkono. Akasema, 'Mwache. Asiyaone.'"

"Utani huo," nilisema. "Sisi ni watani."

Mama Kulwa aliendelea kupepeta, ungo unapanda unashuka. Nilikunywa maziwa. Nikamuuliza kama Tatu alikuwa anacheka aliposema hivyo.

Aliuweka ungo chini ili afikiri vizuri. "Hapana, ng'wanawane," alisema. "Hakucheka."